Ukurasa wa Vijana: Msafiri wa Elimu na Nyumba za Watu



Mwanafunzi wa ustawi wa jamii hasafiri kama asafirivyo mwanafunzi wa hesabu. Hesabu ni ile ile Mombasa na Chicago. Lakini yeye kazi yake ni kuingia nyumba za watu, kusikiliza mashaka yao, kisha kuandika maneno ambayo huenda hakimu akayategemea katika kuamua mtoto alelewe na nani. Asipozifahamu desturi, yeye atapoteza alama za mtihani. Mwenye nyumba aweza kumpoteza mwanawe.

Mtoto anayesema na mkubwa hali ameinamisha macho, kwetu ana adabu. Mgeni asiyejua huandika kwamba ana hofu, au anaficha jambo. Na sisi pia tu wepesi wa kuhukumu. Kijana wetu akimkuta mzee wa Kizungu akiishi peke yake, asikimbilie kusema kuwa wanawe wamemtupa; huenda mzee mwenyewe amechagua hivyo, kwa kuipenda hali ya kujitegemea.

Basi maandalizi na yaanze kabla ya safari, na wazazi wayajue. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alitoa uchunguzi wake juu ya watu 200 wa Norwei waliopata kukaa Marekani kwa masomo. Aliona kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 hawakuizoea nchi vyema kama waliokaa chini ya muda huo au zaidi yake. Ingawa wachunguzi wa baadaye hawakukuta mwendo huo kwa kila msafiri, mzazi ajuaye haya hatamwita mwanawe arudi mara tu asikiapo manung'uniko baada ya furaha ya mwanzo.

Wala orodha ya desturi haitoshi. Mwaka 1998 Melanie Tervalon na Jann Murray-García, matabibu wa Marekani, walifundisha kwamba linalotakiwa ni unyenyekevu wa kujifunza maisha yote, na kujihoji nafsi. Kwa hiyo, ewe kijana, kabla hujaandika neno, uliza: “Kwenu jambo hili lina maana gani?” Nawe mweleze msimamizi wako mapema habari za sala zako na chakula chako, asije akakudhania mvivu au mwenye kiburi.

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Sisi twasema: usilivunje, lifumbue.