Kizazi kikishuka, tusikae kimya



Juma hili tunasema juu ya ugonjwa ambao wengi wetu tunauficha hata kwa bwana: kushuka kwa kizazi. Mama anasikia uzito chini, zaidi jioni akitoka shamba. Mkojo unamponyoka akikohoa, au unakataa kutoka. Mwingine anaona nyama imetokeza nje.

Si laana, wala si alama ya uzinzi. Misuli inayoshika kizazi, kibofu na utumbo imelegea. Inalegezwa na kuzaa mara nyingi, uchungu wa muda mrefu, mizigo mizito, kikohozi kisichoisha, choo kigumu na umri.

Wengine wanauliza kama ni kweli siku hizi roboti inapasua wagonjwa. Ni kweli, ila haipasui peke yake. Mashine ya da Vinci iliruhusiwa Marekani mwaka 2000. Daktari anakaa pembeni, anaongoza mikono ya mashine inayopita katika matundu madogo ya tumbo, na kufunga viungo vilivyoshuka kwenye mfupa wa nyuma ya nyonga. Jeraha linakuwa dogo.

Lakini sisi hatungoji roboti. Daktari mwenye ujuzi anatengeneza ugonjwa huu kwa mikono yake. Hapa Kongo, hospitali ya Panzi kule Bukavu, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana kwa kutibu wamama wenye fistula na wenye kizazi kilichoshuka.

Tena si kila mama anapasuliwa. Kizazi kikiwa kimeshuka kidogo, kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, legeza. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kuna pia pete laini ambayo mganga anaiingiza ukeni ili ishikilie kizazi.

Tusiingize majani wala dawa ya kienyeji. Mama aliyezaa juzi asibebe bido la maji wala kitunga cha mihogo. Bwana na watoto wabebe. Mkojo ukiziba, au nyama iliyotoka ikiwa na kidonda au damu, tumpeleke siku ileile.

Bukavu ni mbali na Bengamisa, lakini kituo cha afya kiko karibu. Hapo ndipo pa kuanzia; wao wataona kama inafaa kwenda Kisangani. Mwenzetu akiogopa kwenda peke yake, tumsindikize.