Magofu Yasiyo na Mshairi

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hurudiwa mno katika makongamano ya Kiswahili, lakini aghalabu asili inayokusudiwa ni ile ya mwambao peke yake. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vya bara wanapofunga safari za kitaaluma, huteremka moja kwa moja hadi Mombasa kuitazama Ngome ya Yesu, kisha huelekea Gede kutembea kati ya magofu. Voi, kwao, ni mahali pa kunyoosha miguu na kunywa chai. Makala haya yanashikilia kwamba mwanafunzi anayepita Voi bila kushuka huwa amesoma nusu tu ya shairi.

Hakuna anayebeza Gede. Mji ule wa mawe, uliohamwa katika karne ya 17, una kasri, misikiti na visima vinavyomstaajabisha kila anayeviona, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Isitoshe, mwanafunzi wa fasihi huingia pale akiwa na Al-Inkishafi kichwani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate akayafanya kioo cha nafsi yake, na tangu hapo neno gofu katika fasihi ya Kiswahili limeambatana na jumba la tajiri na mji uliotawala. Hapa ndipo penye kasoro. Gofu la mnyonge halikupata mshairi, na lisilo na mshairi halipati msomaji.

Chukua mfano wa Kasigau, mlima uliosimama peke yake nyikani, kusini mwa Voi. Utafiti wa mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake umeonyesha kwamba wakazi wa huko walifua chuma, walifanya biashara na watu wa pwani, na walijenga kuta ndani ya mapango ili kujikinga na watekaji wa watumwa. Waama, pembe za ndovu zilizoitajirisha miji ya mwambao hazikuota Pate wala Lamu. Zilitoka bara, na nyika za Taita zilikuwa miongoni mwa njia zake. Atakayeuliza fahari ya majumba yale ililipiwa na nani hatapata jibu lote Gede. Sehemu ya jibu imo katika mapango ya Kasigau.

Fauka ya hayo, Kasigau ina kisa kinachoufunga mlima huo na pwani kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto mpakani, Waingereza waliwashutumu watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani. Walihamishwa kwa nguvu hadi sehemu za Malindi, na wengi wao walifia ugenini. Waliosalia waliruhusiwa kurejea katika miaka ya 1930. Malindi na Gede ni majirani. Kwa hiyo, mwanafunzi anayesimama Gede akitafakari mji uliohamwa na watu wake, yuko karibu na mahali ambapo watu wengine walihamishiwa bila hiari yao, na huenda hajapata kulisikia jina la mlima wao.

Vita hivyo hivyo viliacha alama kote Taita Taveta. Salaita, mlima mdogo karibu na Taveta, ndipo Waafrika Kusini waliposhindwa na Wajerumani tarehe 12 Februari 1916, na askari wa Kihindi wa kikosi cha Baluchi wakasaidia kuwaokoa. Katika makaburi ya Voi amelazwa Wilbur Dartnell, luteni aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 akapewa nishani ya Victoria Cross. Jina lake limechongwa, na ni haki yake. Je, majina ya wapagazi yako wapi? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Linganisha hayo na desturi ya kale ya Wadawida, ambao walihifadhi mafuvu ya wazee wao mapangoni, kila ukoo ukiwajua wa kwake.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Idara ya Historia. Hoja hiyo haina mashiko. Wapagazi wale wa makabila mbalimbali walihitaji lugha moja ya kuelewana kambini na njiani, na Kiswahili kiliitenda kazi hiyo. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Hayo ni maneno ya Kiswahili yenye makaburi ndani yake. Vilevile, kila idara hufundisha fasihi simulizi na kumtaka mwanafunzi aende nyanjani. Kuna uwanja gani unaofaa kuliko Rukanga, Bungule na Makwasinyi, vijiji vilivyo chini ya mlima ule, ambako wajukuu wa waliohamishwa wangali hai?

Pendekezo ni jepesi. Vyama vya Kiswahili vitenge siku mbili za ziara ya pwani kwa ajili ya Taita Taveta. Wanafunzi waende na vinasa sauti, wawasikilize wazee, wayaandike masimulizi kwa Kidawida na kwa Kiswahili, kisha nakala zihifadhiwe katika maktaba za vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Taita Taveta, na nyingine zirudishwe vijijini. Ukuta wa Gede utakuwapo mwakani. Mzee aliyesimuliwa na babake habari za safari ya Malindi huenda asiwepo, na akiondoka hakuna mwanaakiolojia atakayeweza kumfukua.