Huu Uzi Hauuzwi

Mwambie mtu wa mjini kwamba jioni unasokota uzi wa pamba kwa mkono. Hatakuuliza unausokotaje. Atakuuliza unauuza wapi. Ukimjibu kwamba huuzi, utapewa ushauri ambao hukuuomba: fungua ukurasa Instagram, tafuta watalii, unda kikundi uombe mkopo wa halmashauri. "Dada, hiyo ni fursa."

Neno hili fursa limetutesa vya kutosha. Kijana akipika vizuri, anaambiwa afungue mgahawa. Akipiga picha, anaulizwa harusi ni shilingi ngapi. Akimsuka mdogo wake nywele, saluni hiyo. Najua neno limetoka wapi. Ajira ni chache, na kuwaambia vijana wajiajiri ni rahisi kuliko kuwaajiri. Lakini tumelipokea hadi ndani ya nyumba, tukawa maofisa biashara wa starehe za wenzetu. Hata lugha haitusaidii. Kamusi zinatupa neno uraibu kwa jambo ambalo mtu hulifanya kwa kulipenda tu, na neno hilohilo ndilo tunalomtajia aliyenaswa na dawa za kulevya. Kana kwamba kupenda kitu bila faida ni ugonjwa wa kupelekwa kliniki.

Kwenye uzi, swali la bei lina ubaya wa ziada, kwa sababu kusokota kwa mkono kuliuawa na bei.

Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alifukua vigae vya vyungu vilivyochongwa vikawa duara na kutobolewa katikati. Ni vidogo, vinajaa kiganjani. Unapachika kijiti kwenye tundu, unazungusha, na uzito wa kigae unakifanya kijiti kiendelee kuzunguka wakati vidole vinavuta pamba. Watu wa Kilwa walisokota uzi. Mogadishu walifuma nguo zilizouzwa hadi Misri, na Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1331 aliliandika jambo hilo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kusokota ni mambo ya Wazungu, waliojaziwa sufu ya kondoo na magurudumu ya mbao ya bei mbaya, namwomba apande boti avuke kutoka Kilwa Masoko. Ni dakika chache tu.

Kisha ikaja nguo ya bei nafuu. Vitambaa vya Gujarat vilikuwa vikija kwa majahazi tangu zamani, lakini karne ya 19 ilileta kitu kingine: merikani, kitambaa kizito cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, kilichoshushwa Unguja na meli za Salem. Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Merikani ilienda bara na misafara, ikawa vazi na pia fedha, na jina lake likabaki kwenye lugha yetu. Ufipa waliendelea kufuma nguo zao kwa muda mrefu zaidi. Pwani, msokotaji hakuwa na la kufanya. Hakuna mkono unaoshindana na kinu kinachoendeshwa na mto.

Na pamba yenyewe? Ilirudi kwa amri. Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kuilima kwa ajili ya viwanda vya ng'ambo, na Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, si mbali na Kilwa hiyohiyo ya vigae, watu waling'oa miche ya pamba. Ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza. Unaona mzunguko wake: mahali walipojua kugeuza pamba kuwa uzi, vizazi kadhaa baadaye pamba ni zao la bwana na uzi ni kitu cha dukani. Leo bado sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga inauzwa nje kabla haijawa uzi, na sisi tunavaa mitumba.

Sasa nirudi kwa mshauri wangu wa biashara, nimpigie hesabu aliyoitaka. Upande mmoja wa kanga ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita kumi. Tuseme una nyuzi 20 kwa kila sentimita, za mtande zinazokwenda kwa urefu na za mshindio zinazozikata kwa upana. Hizo ni mita 6,600 za uzi. Mimi kwa kijiti, siku ambayo pamba ni nzuri na hakuna mtu anayenisemesha, napata mita 40 kwa saa. Ni saa 165. Zaidi ya siku 20 za kazi, saa nane kila siku, na bado hujafuma, hujatia rangi, wala hujachapa jina la kanga. Ukitaka nikuuzie, nitajie bei ambayo wewe mwenyewe ungefanyia kazi hiyo, halafu tembea nayo Kariakoo.

Uzi huu ukiupeleka sokoni unaurudisha kwenye mahakama ileile iliyokwisha kuuhukumu. Utashindwa tena, na utashindwa kwa aibu zaidi, kwa sababu safari hii utauzwa kwa huruma. Mtalii atanunua hadithi ya mama maskini, siyo uzi.

Wapo wanaotaka kunisaidia kwa njia ya upole zaidi. Hawa husema: basi sema ni urithi. Sitaki. Urithi wa maonyesho ni mwanamke aliyevalishwa kaniki, akizungusha kijiti mbele ya mgeni rasmi kwa dakika tano. Wengine husema: basi sema ni afya ya akili, inatuliza. Inatuliza wapi, uzi ukikatika mara ya kumi na nne? Na hata kama ingetuliza, hiyo nayo ni faida kwa jina lingine: pumzika, ili Jumatatu ukazalishe.

Sisemi watu warudi kusokota nguo zao. Bibi zetu waliosokota kwa lazima wangetucheka. Mimi nasokota kwa kuwa nimeshavaa, na kanga niliyovaa ilitoka kiwandani. Uhuru wa jambo hili umesimama juu ya mashine, na sioni sababu ya kujifanya vingine.

Gandhi aliona tofauti. Kwake charkha ilikuwa wajibu wa kila Mhindi, wakili na mkulima sawasawa. Mkutano wa Congress wa Belgaum, Desemba 1924, ulikubali kwamba uanachama ulipiwe kwa uzi, yadi 2,000 kwa mwezi. Namheshimu: aliwatoa wasomi kwenye viti vyao wakajua uzito wa shati. Lakini Tagore alimjibu mwaka 1925, akahofia kwamba kumwamuru kila mtu azungushe gurudumu lilelile kunaifunga akili. Kuhusu amri, nipo na Tagore. Kuhusu gurudumu, nadhani alikosea: mkono unaosokota hauendi wenyewe kama mashine. Pamba ina nyuzi fupi mno. Ukivuta kabla msokoto haujafika, inaachana. Ukichelewa, unapata fundo gumu kama punje ya mtama. Vidole vinaamua kila sentimita chache. Baada ya miezi michache huwezi tena kushika shuka bila kutazama uzi wake umesokotwa kwenda upande gani.

Hili la mwisho ndilo lililonibadilisha, na halina bei. Nikipita kwenye marobota ya mitumba naona kilomita kwa kilomita za uzi zimetupwa chini juu ya turubai, shati kwa bei ya soda, na siwezi tena kusema nguo ni rahisi. Kuna mahali saa zile zimepunguzwa, na kuna mtu aliyepunjwa.

Anayetaka kujaribu hahitaji mkopo wa halmashauri. Tafuta pamba yenye mbegu kwa mtu anayetoka Kanda ya Ziwa, itoe mbegu kwa vidole, ichanue hadi iwe kama ukungu. Chukua kijiti cha mishikaki, kibandike udongo wa mfinyanzi karibu na ncha ya chini, uache ukauke. Usikining'inize hewani kama wanavyofanya wa sufu, pamba haitakubeba. Kisimamishe kwenye kisahani cha chai ukizungushe humo. Uzi utakatika. Laza ncha iliyokatika juu ya pamba, zungusha, itashika.