MAMBO YA NYUMBANI: Mtoto wa Mbwa Asiyejua Mlango

Ndugu mmoja mwalimu ameniletea barua, asema: "Nimepewa mtoto wa mbwa, umri wake wapata majuma 9. Kila asubuhi twakuta jikoni pamechafuka. Nimemwadhibu hata mkono umechoka, wala hasikii. Mke wangu asema tumtupe. Nifanyeje?" Barua hii ilinichoma moyo, maana jambo lilo hilo lilinipata mimi, na kosa lilikuwa langu, si la mnyama.

Huku kwetu milimani Usambara baridi ya Juni na Julai ni kali. Kwa hiyo tulimlaza mtoto wetu wa mbwa jikoni, hata apate nguvu za kulala nje na kulinda nyumba. Siku ya tatu naliamka alfajiri, nikakanyaga uchafu karibu na mafiga. Nikamshika, nikamsugua pua pale pale, nikampiga kwa ufito. Siku ya nne na ya tano nikafanya vivyo hivyo. Siku ya sita jikoni pakawa safi. Nikafurahi, nikajisifu mbele ya watu wa nyumbani kwamba fimbo imefundisha.

Baada ya siku chache mke wangu alisogeza gunia la mahindi, akakuta uchafu wote nyuma yake, na mahindi ya chini yameloa mkojo. Tukamwaga debe zima. Nikautwaa ufito tena. Binti yangu, mwenye miaka 10, alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza kwa adabu, "Baba, alipokojoa ulikuwapo?" Nikamjibu, "La, nalikuwa nimelala." Akasema, "Basi atajuaje unampigia nini?" Sikuwa na neno la kumjibu. Mimi niliyefundisha watoto miaka mingi, nalimpiga mwanafunzi kabla ya kumfundisha somo.

Yatupasa kufahamu, ndugu zangu, kwamba mbwa haunganishi adhabu ya asubuhi na tendo la usiku. Huunganisha mambo yanayofuatana papo hapo tu. Akipigwa baadaye, ajifunzalo ni kwamba mtu na uchafu vikikutana kuna hatari, basi hujificha. Tena ule uso wake wa huzuni tunaouita toba ni hofu tu, na wengine hukojoa kwa hofu hiyo hiyo. Wala hana inda. Mtoto wa mbwa wa miezi 2 hana nguvu za kuzuia mkojo. Hata mchana, muda wa saa 2 ni mrefu kwake.

Basi tuliuvunja ufito, tukaanza upya hivi.

Kwanza, tuliweka nyakati. Mtoto wa mbwa hutaka kujisaidia mara aamkapo, mara baada ya kula, na baada ya kucheza. Kila wakati huo mmoja wetu alimchukua nje, mahali pale pale, akangoja naye kwa utulivu. Chakula pia tulimpa kwa saa zake, maana kilicho na saa ya kuingia kina saa ya kutoka. Lakini maji tusimnyime.

Pili, alipomaliza tulimsifu pale pale na kumpa kipande cha dagaa kabla hajaondoka. Ukingoja hata mrudi ndani ndipo umpe, umemlipa kwa kurudi, si kwa kujisaidia nje.

Tatu, alipoanza kukosea mbele ya macho yetu, hatukupiga kelele. Tulipiga makofi kidogo ili asite, tukambeba nje upesi, na akimaliza huko tukamsifu. Tulipokuta uchafu wa zamani tuliusafisha kimya, tukakiri kwamba tumechelewa sisi.

Nne, usiku tulimlaza katika sanduku dogo lenye gunia kavu, lisilofungwa kwa mfuniko, maana mbwa hapendi kuchafua alalapo. Tulimtoa kabla ya sisi kulala, na mara moja tena katikati ya usiku. Zamu hiyo nalijitwika mwenyewe, kuwa malipo ya makosa yangu.

Tano, tuliondoa harufu. Katika pua ya mwanadamu mna chembe za kunusia zipatazo milioni 6; katika pua ya mbwa ni zaidi ya milioni 100. Mahali tunapodhani ni safi, yeye husikia harufu yake ya jana, akarudi hapo. Sakafu ya saruji tulisugua kwa sabuni, kisha siki. Penye udongo tulikwangua ule uliolowa, tukatupa mbali, tukatia mwingine mkavu.

Tena kuna jambo la afya. Kinyesi cha mbwa huweza kuwa na mayai ya minyoo yawadhuruyo watoto. Kifukieni, mkanawe mikono kwa sabuni, na mnyama apewe dawa ya minyoo. Akikojoa mara kwa mara kupita kiasi, au akihara, au mkiona damu, huyo si mkaidi bali ni mgonjwa; mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Atimizapo miezi 3, achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa, na kurudiwa kama daktari atakavyoagiza. Ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu haponi kamwe. Kwa hiyo, ndugu mwalimu, usimtupe. Mbwa aliyetupwa huzurura bila chanjo, na siku moja huenda akamuuma mtoto wa jirani, au wako.

Majuma 6 yalipopita, usiku mmoja wa mvua nalisikia makucha yakikwaruza mlango. Nikaamka, nikafungua. Akatoka, akajisaidia, akarudi akitikisa mkia, akalala. Nalikaa kitambo nikimtazama kwa mwanga wa taa.

Sasa ni mbwa mkubwa, hulala nje, na mgeni hapiti asimjue. Walakini mke wangu ashikapo ufagio, yeye hujikunyata na kuinamisha kichwa, ingawa mke wangu hakumpiga hata mara moja. Mlango alijifunza kwa majuma 6. Hofu naliitia kwa siku 3, na hata leo haijamtoka.

Mwezi ujao, tukijaliwa uzima, tutasema juu ya kuhifadhi mahindi yasiharibiwe na wadudu.