AFYA YETU: Si Kila Upele Hupelekwa Maabara

Mkulima wa Makindu aonapo vipele katika mwili wa mtoto wake, mara nyingi hutaka damu ipimwe siku ile ile. Tabibu akimtazama mtoto kwa macho tu, akauliza maswali mawili matatu na kuandika dawa, mzazi hudhani kwamba kazi imefanywa nusu. Wengine huuza mbuzi na kupanda basi mpaka Nairobi kutafuta vipimo. Yafaa jambo hili lielezwe, maana ngozi haikufichika kama ini au figo: huonekana na kuguswa, na kipimo chake cha kwanza ni jicho, mkono na swali.

Chukua mfano wa upele. Mwasho huzidi usiku. Vipele hutokea katikati ya vidole, vifundoni na kiunoni. Na watu wengine wa nyumba hiyo nao hujikuna. Dalili hizo zikikutana, ugonjwa umekwisha kujulikana. Damu haimwonyeshi mdudu wa upele. Kinachotakiwa ni watu wote wa nyumba kupakwa dawa siku moja, hata wasiojikuna, na nguo na matandiko kufuliwa kwa maji ya moto. Anayengoja majibu humpa mdudu nafasi ya kuhamia kwa jirani.

Choa cha mwilini nacho hutambulikana kwa duara lake. Lakini kikiwa kichwani mwa mtoto au katika kucha, dawa yake humezwa kwa majuma mengi, kwa hiyo ni busara kuhakikisha kwanza. Mpimaji hukwangua magamba, huyatia dawa ya kuyalainisha, kisha huyatazama kwa hadubini. Mgonjwa aliyekwisha kujipaka krimu ya dukani asilifiche jambo hilo, kwani krimu nyingine hubadili sura ya choa hata tabibu akadanganyika.

Hatari kubwa zaidi ni kuamini maabara kuliko mwili wenyewe. Daktari Hansen wa Norway aliviona vijidudu vya ukoma mwaka 1873, lakini hata leo Shirika la Afya Duniani halidai kwamba kila mgonjwa apimwe kwa hadubini. Baka lililopauka au lenye wekundu, ambalo halihisi mguso wa pamba, latosha kuutambua ukoma. Wagonjwa wengi wenye mabaka machache wana vijidudu vichache mno, hata hadubini isivione. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba hana kitu, naye akarudi shambani, aweza kupoteza vidole kwa ugonjwa ambao dawa zake hutolewa bure duniani tangu mwaka 1995.

Damu nayo ina mipaka yake. Vipimo vya damu vya kaswende haviwezi kuitenga kaswende na buba; lazima tabibu aulize umri wa mgonjwa na mahali alipokulia, na akitazame kidonda chenyewe. Ndiyo sababu chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992 huwafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika kuisoma ngozi kwanza.

Basi kipimo hutakiwa lini? Hutakiwa pale ambapo jibu lake litabadili matibabu. Kidonda kisichopona kwa majuma mengi, au doa jeusi linalokua katika unyayo, hustahili kukatwa kipande kidogo kichunguzwe. Kijana aliyeshikwa na mkanda wa jeshi apimwe damu kwa ajili ya virusi vya UKIMWI. Mtu ambaye majipu humrudia kila mara apimwe sukari. Na aliyetumia dawa sawasawa bila kupata nafuu arudi, ili jambo lianzwe upya.

Mgonjwa ana haki ya kumwuliza tabibu kwa adabu: "Jibu la kipimo hiki litabadili nini katika dawa nitakayopewa?" Likiwa halibadili neno, fedha na zibaki nyumbani. Likibadili, asichelewe hata siku moja, kwani mficha maradhi kifo humfichua.