Bei ya risasi: Mlanguzi hayupo dukani

WENYE bunduki za uwindaji na za kulenga shabaha wanaoishi Kinondoni, Temeke na vitongoji vya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam wana malalamiko yaliyozoeleka, kwamba boksi la risasi za shotgun limepanda bei mno na kila shehena mpya inapoingia linapanda tena. Lawama karibu zote anatupiwa mwenye duka. Yeye ndiye anayeonekana, yeye ndiye anayepokea fedha, na kwa kuwa maduka yenye leseni ya biashara hiyo ni machache, ni rahisi kumwita mlanguzi.

Lawama hizo zina ukweli kidogo sana. Anayeijua hesabu ya bidhaa atabaini kwamba sehemu kubwa ya ongezeko inatoka mbali na kaunta ya duka, na sehemu inayobaki inatokana na tabia ya wanunuzi wenyewe.

Chukua boksi moja la katriji 25, idadi inayolingana na raundi moja ya kulenga visahani vinavyorushwa hewani. Kwa kanuni za Olimpiki kila katriji hubeba gramu 24 za marisau, kwa hiyo boksi zima lina gramu 600 za madini ya risasi. (Kiswahili kinaita madini na kinachofyatuliwa kwa jina moja, na huenda ndiyo sababu watu hudhani bei ya kimoja ni bei ya kingine.) Katika soko la metali la London tani ya risasi ilikuwa ikiuzwa kwa dola 2,000 na kitu kwa muda mrefu wa 2023 na 2024. Tani hiyo inatosha maboksi zaidi ya 1,600. Maana yake ni kwamba madini ya risasi ndani ya boksi yana thamani ya dola moja na senti ishirini hivi, na bei hiyo haikuruka.

Kilichoruka ni vile vidogo vidogo. Marisau huchanganywa na antimoni ili yawe magumu. China, ambayo ndiyo mzalishaji mkuu, iliweka udhibiti wa kuuza antimoni nje kuanzia 15 Septemba 2024, na Desemba mwaka huo ikazuia kabisa kuipeleka Marekani. Tani iliyokuwa ikiuzwa kwa dola 12,000 hivi mwanzoni mwa 2024 ilifika karibu dola 40,000 mwaka ulipokwisha. Kwa marisau yenye asilimia tatu ya antimoni, boksi moja linahitaji gramu 18, kwa hiyo gharama ya kitu hicho kimoja ilitoka senti 22 na kufika senti 72. Ni nusu dola kwa kitu ambacho mlengaji hajui hata kama kimo.

Hata hivyo, kiini cha tatizo ni baruti. Baruti isiyo na moshi hutengenezwa kwa nitroselulosi, na nitroselulosi hutokana na zile nyuzi fupi za pamba zinazobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa. Baada ya vita vya Ukraine kupamba moto Februari 2022, viwanda vya Ulaya vilivyokuwa vikihudumia wawindaji vilijikuta vikigombea malighafi moja na viwanda vya mizinga. Mwaka 2024 Kamishna wa Soko la Ndani wa Umoja wa Ulaya, Thierry Breton, alieleza hadharani kwamba Ulaya inategemea mno pamba ya China kwa kazi hiyo. Kampuni ya Vista Outdoor ya Marekani ilikuwa imekwisha kuwaarifu wateja wake mwishoni mwa 2023 kwamba ingepandisha bei kuanzia Januari 2024 kwa sababu ya uhaba wa baruti duniani. Serikali ikipigana vita haiombi punguzo la bei, na mwindaji wa kanga hana ubavu wa kushindana nayo.

Soko lenyewe nalo limebadilika umbo. Remington iliomba kinga ya ufilisi Julai 2020, katikati ya mwaka ambao Wamarekani walinunua silaha na risasi kwa pupa, na kitengo chake cha risasi kikachukuliwa na Vista Outdoor. Novemba 2024 Vista nayo ikauza biashara yote ya risasi, yenye majina ya Federal, Remington na CCI, kwa kampuni ya Czechoslovak Group ya Jamhuri ya Czech, ambayo tangu 2022 ilikuwa imenunua hisa nyingi za Fiocchi ya Italia. Muagizaji wa Dar es Salaam anayeona majina manne kwenye orodha ya bei anaweza kudhani ana wauzaji wanne wa kushindanisha, kumbe nyuma ya orodha yupo mmoja.

Kuna wanaosema dawa ni Shirika la Mzinga la Morogoro, lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 na ambalo lipo chini ya Wizara ya Ulinzi. Hoja hiyo inavutia masikioni. Kenya inacho kiwanda cha Eldoret na Uganda inacho cha Nakasongola. Lakini kazi ya kwanza ya viwanda vya aina hiyo ni majeshi, na hata Mzinga ikiongeza kazi ya kiraia, baruti na fataki bado zitashindaniwa katika soko lile lile la dunia. Kufunga katriji hapa nchini kutaokoa nauli ya meli, lakini bei ya baruti itabaki pale pale. Labda siku moja nyuzi za mbegu za pamba ya Shinyanga na Simiyu zitapata mnunuzi wa aina hiyo, lakini hilo ni suala la mtaji mkubwa na miaka mingi, si la msimu huu.

Baada ya kiwanda inakuja shilingi. Mwaka 2022 dola moja ya Kimarekani ilikuwa shilingi 2,300 hivi. Oktoba 2024 ilipita 2,700. Tuseme boksi linafika bandarini kwa dola 10. Kwa kiwango cha kwanza ni shilingi 23,000, kwa cha pili ni 27,000. Ongeza asilimia 18 ya VAT na tofauti ya shilingi 4,000 inakuwa 4,720, kabla ya ushuru wa forodha na ile tozo ya maendeleo ya reli iliyoanza 2015. Kiwanda hakijaongeza hata senti na mwenye duka hajaongeza faida. Isitoshe, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni. Kanuni hiyo inamlinda mteja, lakini muagizaji aliyelipa kwa dola na kuuza kwa shilingi kwa miezi minane lazima ajiwekee kinga ndani ya bei.

Hiyo miezi minane ndiyo inayostahili kujadiliwa, maana hapo lawama inamrudia mnunuzi. Soko la Dar es Salaam ni dogo na limefungwa kwa leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inataka kila risasi ijulikane imetoka kwa nani na imekwenda kwa nani. Uhakiki wa silaha uliofanyika mkoani mwaka 2016 uliwakumbusha wengi kwamba vitabu hivyo hukaguliwa. Kibali, ukaguzi, ulinzi wa njiani na bohari inayokubalika ni gharama ambazo hazipungui kwa kuwa mzigo ni mdogo. Zikigawanywa kwa maboksi 5,000 hazionekani, zikigawanywa kwa maboksi 300 zinaumiza.

Wala hakuna anayeweza kujaza stoo ya nyuma ya nyumba Mbagala akasubiri bei ipande. Wakazi wa Temeke hawajasahau 29 Aprili 2009, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala na kuua watu, wala Februari 2011 yalipolipuka Gongo la Mboto. Yale yalikuwa maghala ya jeshi na si ya wafanyabiashara, lakini tangu hapo hakuna afisa mwenye akili atakayetia saini kirahisi kuruhusu bohari ya baruti jirani na makazi.

Sasa tazama wanavyonunua wateja. Mwindaji anakumbuka risasi wiki moja kabla ya safari. Mlengaji wa shabaha ananunua boksi mbili leo, mbili mwezi ujao, na bei ikitajwa anasonya na kuondoka. Kampuni za ulinzi, ambazo kwa hakika ndizo zenye shotgun nyingi zaidi katika maghala ya Kurasini na viwanda vya Chang'ombe, hununua chache kabisa, kwa sababu mlinzi hupewa risasi za kuhesabika na hukaa nazo hadi kitako chake cha shaba kishike kutu kwa unyevu wa Pwani.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la starehe ya watu wachache. Mfanyabiashara wa Temeke aliyeweka mtaji wake wote katika magunia ya mchele analipia ulinzi kila mwezi akiamini kwamba anayelinda mlango anajua kutumia alichopewa. Risasi zinapopanda, kitu cha kwanza ambacho kampuni hukata ni mazoezi, kwa kuwa hakuna mteja anayeyaona. Mlinzi ambaye mara ya mwisho alifyatua siku ya kuajiriwa ni hatari kwa mwizi, kwa mpita njia na kwa mwenye ghala pia. Mwenye mali ana haki ya kuuliza, kabla ya kusaini mkataba, walinzi hao wamelenga shabaha lini na kwa risasi ngapi. Kampuni itakayojibu kwa maandishi inastahili kulipwa zaidi.

Kinachowezekana mara moja ni oda ya pamoja. Walengaji, wawindaji wenye leseni na kampuni za ulinzi wakutane na muagizaji mmoja mwenye leseni, wataje mahitaji ya mwaka mzima, walipe sehemu ya fedha mapema, kisha kila mmoja achukue kiasi anachoruhusiwa na leseni yake na kiandikwe kitabuni kama kawaida. Muagizaji hatalazimika kufunga mtaji wake mwenyewe, na kiwanda cha nje kitamsikiliza anayeagiza kontena kuliko anayeagiza katoni. Ushindani wa chama na kampuni ya ulinzi juu ya shehena moja ndogo hauna maana yoyote kibiashara.

Kwa mwekezaji mdogo anayedhani kwamba bidhaa inayopanda bei namna hii ni mahali pa kuweka akiba, jibu ni hapana. Mzunguko wake ni wa polepole, leseni haihamishiki mkononi kama ya duka la vipuri, na mteja akikosa fedha bidhaa haiwezi kupelekwa gulioni.

Wenye nia ya kuagiza pamoja wachague vizuri mwezi wa kulipa. Nusu ya pili ya mwaka huleta dola za watalii, na baadaye za korosho na mazao mengine, na shilingi hupata nguvu kidogo. Aliyelipia shehena Oktoba 2024 alitoa zaidi ya shilingi 2,700 kwa dola. Aliyengoja hadi Desemba alitoa karibu 2,400 kwa dola ile ile.