Tusiwatwike Mama Zetu Lawama Iliyo Yetu

Imekuwa desturi ya baadhi yetu tulio na elimu na mishahara kudai kwamba wanawake wazee hufa kwa saratani ya matiti kwa sababu ya ujinga na ukaidi wao. Hutupiwa methali: mficha maradhi kifo humwumbua. Kisha mtoa methali hurudi ofisini ametulia, kana kwamba wajibu wake umekwisha. Kauli hiyo hapana budi ikataliwe.

Tutazame hali ilivyo. Saratani ya matiti, inapoanza, aghalabu ni uvimbe usiouma. Mama aliyezaa, akanyonyesha na kulima maisha yake yote amezoea kwamba ugonjwa ni maumivu. Kisichouma hakimtoi shambani. Nani amemweleza kuwa hatari ya ugonjwa huu huongezeka kadiri umri unavyosogea, wala haikomi hedhi inapokoma? Tena ameona wenzake waliochelewa wakipelekwa hospitali na kurudishwa maiti, akaamini kwamba kinachoua ni kisu cha daktari. Huo si ukaidi. Ni hitimisho la mtu aliyeachwa afikiri peke yake.

Chukua Buzuruga, hapa Mwanza. Kutoka hapo hadi Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, ni safari fupi ya daladala. Zamani mgonjwa aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri zaidi ya kilometa 1,000 hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Siku hizi tiba hiyo ipo Bugando. Lakini kwa mwanamke mzee umbali haupimwi kwa kilometa. Nauli imo mfukoni mwa mwanawe, na uamuzi pia. Akilalamika, huambiwa ni uzee. Akifikishwa kwa mganga, mara nyingi anayeelezwa ni mwanawe, naye mwenye mwili huketi pembeni kama mzigo uliosindikizwa. Na katika Usukuma, ambako wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mama mwenye kidonda kisichopona ana sababu ya kuyaogopa macho ya majirani kuliko ugonjwa wenyewe.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, kuanzia umri wa miaka 60. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilihimiza kwamba uchunguzi wa ugonjwa huu ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Ni maagizo mema. Lakini siku hizo 60 huanza kuhesabiwa mgonjwa akifika. Hazihesabu miezi aliyokaa kimya nyumbani kwa mwanawe mwenye cheti.

Kwa hiyo wajibu unatuangukia sisi. Mtendaji wa kata awasomee wazee haki zao mikutanoni. Mhudumu wa afya aseme na mama mwenyewe, kwa Kisukuma ikiwa ndicho anachokielewa, na amwulize yeye kabla ya kumwuliza mwanawe. Mwalimu na karani wawaombe wake zao, dada zao na binti zao waulize nyumbani kile ambacho haya imezuia kuulizwa, nao watoe nauli bila kusubiri kuombwa.

Mzee asiyeulizwa hafichi maradhi. Sisi ndio tunaoyafumbia macho.